Nafuu ya Gesi Inaishia Mfukoni mwa Nani?

Jumapili jioni ndiyo siku ya hesabu nyumbani kwetu, yaani kiwango cha fedha cha wiki ambacho dereva wa gari langu la teksi ananiletea. Dereva anapaki nje ya geti, hapa Tabata, ananipa ufunguo nilizunguke gari, nikimaliza tunakaa kibarazani tunaongea ya wiki: tairi, trafiki, abiria walioshuka bila kulipa. Jumapili moja mwaka huu hakungoja nilizunguke gari. Alitoa mfukoni karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akaikunjua mezani na kuinyoosha kwa kiganja.

"Dada, nimekaa na wenzangu kijiweni tumepiga hesabu. Tukifunga gesi tutapumua."

Upande wa kushoto ameandika petroli, wa kulia gesi, yaani gesi asilia ya magari, ile inayoshindiliwa kwenye mtungi, na chini yake matumizi ya siku kwa kalamu ya bluu. Kazi safi, mstari kwa mstari. Mwisho kabisa wa karatasi, kwa mwandiko mdogo kuliko ule mwingine, aliongeza sharti lake: hesabu isipande.

Nikamwambia nitafikiria.

Nimefikiria wiki nyingi, kuliko alivyotegemea yeye na kuliko nilivyotegemea mimi. Nilidhani kitakachonisumbua ni mambo ya mitungi na presha. Kumbe kilichonikaa kichwani ni yale maneno mawili ya chini ya karatasi.

Karatasi ilisema nini

Gari ni Toyota IST, kama magari mengi ya teksi mtandao, zile za kuitwa kwa simu, ya mji huu. Siku ya kazi nzuri linatembea kilomita 150 hivi. Kwa foleni zetu za barabara za Mandela na Morogoro, kiyoyozi kikiwa kimewashwa kwa sababu abiria wa siku hizi hakubali kuloa jasho, lita moja inakwenda kilomita kama 12. Hizo ni lita 12 na nusu kwa siku. Bei ya petroli tunaijua wote inavyocheza. Agosti 2022 bei kikomo ya Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita, ikashuka, ikapanda tena. Yeye aliweka 2,900, nami naona alikuwa muungwana. Jumla ni shilingi 36,250 kwa siku, na hiyo inatoka kabla hajanunua hata chai.

Gesi inauzwa kwa kilo. Kilo moja ya gesi asilia ina nishati inayokaribia lita moja na nusu ya petroli, ingawa injini iliyoundwa kwa ajili ya petroli haiifaidi yote. Tuseme kilo moja inakwenda kilomita 16 na nusu. Kwa shilingi 1,550 kwa kilo, bei ambayo madereva wa Dar wameizoea, kilomita zile 150 zinakula kilo tisa na kidogo. Shilingi 14,000 hivi.

Tofauti ni shilingi 22,000. Kila siku.

Kufunga mfumo kwenye gari kama hili tuliambiwa ni milioni moja na laki nane, kwa mtungi wa ukubwa wa kati. Gawanya. Siku 80 na kidogo za kazi, fedha imerudi yote. Biashara inayorudisha mtaji kwa kasi hiyo hapa mjini ni za kuhesabu.

Kwa hiyo unafuu wa gesi wenyewe hauna ubishi. Ubishi ni hiyo 22,000. Gari ni langu, mfumo nitaununua mimi, lakini mikono iliyoshika usukani ni yake. Nani anaiweka mfukoni?

Wenye magari wenzangu hawakuona swali hapo. Kwenye kundi letu la WhatsApp jibu lilikuja upesi: gari la petroli lina hesabu yake, gari la gesi lina hesabu yake, na ya gesi ni ya juu, maana dereva wa gesi ana nafuu. Mmoja akanitumia tangazo la kutafuta dereva, gesi imetajwa hapo hapo kando ya kiwango cha wiki, kana kwamba mtungi ni chumba cha pili kwenye nyumba ya kupangisha.

Nililisoma tangazo lile mara kadhaa. Sikuweza kusema lina kosa gani. Nilihisi tu kwamba lina kosa.

Mtungi

Kabla ya kufika huko kulikuwa na mama yangu. Aliposikia nataka kufunga gesi alinyamaza kwenye simu, halafu akaniuliza kama nipo tayari kuweka bomu nyuma ya mgongo wa watoto wa watu.

Siwezi kulidharau swali la mama. Nikaenda karakana.

Fundi alikuwa na IST nyingine pale, buti wazi, kazi nusu. Mtungi wa chuma umelazwa kwa upana nyuma ya kiti, umekazwa kwa mikanda miwili ya chuma iliyopigwa bolti. Alinisogeza karibu, akafuta shingo ya mtungi kwa kitambaa, akaniambia nisome. Imegongwa kwenye chuma chenyewe: namba ya mtungi, ujazo lita 60, presha ya kazi bar 200, presha ya majaribio bar 300, mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Tairi za gari hilo hilo zinabeba bar mbili na kitu. Mtungi unabeba mara tisini ya hapo.

"Mtu akikuambia haina hatari, muogope," alisema. "Lakini hatari yake siyo ile watu wanayoidhania."

Watu wengi, mama akiwemo, wanaichanganya na gesi ya jikoni. Ile ya jikoni inakaa kimiminika ndani ya mtungi kwa presha ndogo, na ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni, inajikusanya, inangoja kiberiti. Gesi asilia karibu yote ni methani, nyepesi kuliko hewa. Ikivuja mahali pa wazi inapanda juu na kutawanyika. Ndiyo maana vali ya mtungi kwenye buti hufungiwa ndani ya kifuko chenye bomba la kutolea hewa nje ya gari, gesi isipate nafasi ya kujaa ndani. Na mtungi wa jikoni haukuundwa kabisa kwa bar 200. Anayeuchomelea na kuufunga kwenye gari anajitafutia msiba.

Kinachomtia fundi wasiwasi ni mtungi usiojulikana ulikotoka, mtungi uliofutwa maandishi, bomba lililopindwa vibaya likasuguana na bodi ya gari. Na zaidi ya yote, muda. Kwa kawaida mtungi wa gari unatakiwa kupimwa upya kila miaka mitano: unafunguliwa, unajazwa maji, unasukumwa presha kubwa kuona kama chuma bado kinarudi kwenye umbo lake. Gharama hiyo inakuja wakati kila mtu ameshasahau kama iko.

Nikaandika kwenye simu: nani atalipia kipimo cha mwaka wa tano?

Mengine aliyoniambia ni ya kawaida kwa wanaojua magari. Gari linawaka kwa petroli, injini ikipata joto linajihamishia kwenye gesi lenyewe. Nguvu inapungua kidogo, utaihisi kwenye mlima wa Kimara ukiwa na abiria wanne, kwa sababu gesi inachukua nafasi ya hewa inayoingia kwenye injini. Plagi zinachoka mapema, maana methani ni ngumu kuiwasha kuliko petroli. Na usiruhusu tangi la petroli libaki tupu kwa tamaa ya gesi. Kwenye magari mengi pampu ya mafuta inaendelea kuzunguka hata ukiwa kwenye gesi, na petroli ndiyo inayoipoza. Tangi likikauka, pampu inaungua.

Nilimpigia mama nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema sawa, ila yeye atapanda bodaboda.

Buti

Hili nilitaka kulipita haraka, lakini dereva wangu hakuniacha. Mtungi unachukua zaidi ya nusu ya buti la IST. Abiria wa uwanja wa ndege mwenye mabegi mawili makubwa, akifunguliwa buti na kuona mtungi, anafuta safari hapo hapo na kuita gari lingine. Mama wa Kariakoo mwenye viroba vyake vya nguo naye hivyo hivyo. Safari za uwanja wa ndege ndizo ndefu, ndizo zenye fedha. Hesabu ya karatasini haikuwa na mstari wa buti.

Nilipomuuliza kwa nini, alisema aliona nikiona mstari huo nitakataa.

Usiku kituoni

Nilimwomba anipeleke kituoni nikaone. Gari letu lilikuwa bado la petroli, kwa hiyo tulikwenda na rafiki yake wa kijiweni ambaye lake limeshafungwa. Wao mbele, mimi nyuma, tukafika saa tatu za usiku.

Foleni ilianzia mbali na kituo. Bajaji mstari wao, magari madogo mstari wao. Viti vimelazwa, miguu imetolewa madirishani, programu za teksi zimezimwa kwenye simu zisiwaite kwenye safari ambazo hawawezi kuzichukua. Muuza kahawa anagonga vikombe vyake akipita kati ya mistari. Foleni ikisogea hakuna anayewasha injini. Kijana mmoja anasukuma magari kwa shilingi chache, dereva kashika usukani nusu usingizini.

Rafiki yule alisema leo ni afadhali.

Zamu yetu ilipofika tuliteremka wote, maana hakuna anayeruhusiwa kubaki ndani mtungi ukijazwa. Mhudumu alifungua boneti, akachomeka kichwa cha mpira kwenye vali, akakizungusha. Sauti ikaanza, kali, kama ya breki za lori, kisha ikatulia ikawa mvumo. Mshale wa geji ukapanda mpaka karibu na 200. Dakika chache, imekwisha. Niliweka kiganja kwenye mtungi, nikakuta umepata joto.

"Hapo hajajaza," rafiki yule aliniambia. "Subiri upoe. Asubuhi mshale umeshuka."

Ni kweli, na si wizi. Gesi ikishindiliwa kwa haraka inapata joto, joto linapandisha presha, mashine inaona bar 200 na kukata. Mtungi ukipoa usiku, presha inashuka, na unagundua umeondoka na pungufu. Mchana wa Dar, na jua lile, upungufu ni mkubwa zaidi. Tena kituo chenyewe kina mitungi mikubwa ya akiba ambayo kompresa inaijaza. Magari yakiwa mengi mfululizo akiba inapungua presha, kompresa inakimbizana na foleni, na kila gari linajaa taratibu kuliko lililotangulia. Umeme ukikatika kompresa inanyamaza, na mstari mzima unanyamaza nao.

Nikiwa nimesimama pale ndipo nilipoliona ambalo karatasi haikulionyesha. Mtungi wa lita 60, ukijaa vizuri kabisa, ni kilo kama kumi. Kazi ya siku inakula kilo tisa na kidogo.

Foleni hii ni ya kila siku.

Saa za nani

Niliporudi nyumbani niliichukua ile karatasi nikaongeza mstari wangu.

Dereva akiwa kazini anaingiza wastani wa shilingi 8,000 kwa saa, kabla ya makato. Akikaa foleni kwa muda wa saa tatu nzima za mchana, amepoteza shilingi 24,000 za kuingiza. Gesi imemwokolea 22,000. Hata ukimhesabia mafuta ambayo hakuyachoma akiwa amesimama, nafuu inayobaki ni kiduchu.

Ndiyo sababu wanakwenda usiku. Usiku hakuna safari nyingi za kupoteza, na saa zile hazina bei kwenye karatasi ya mtu yeyote. Zinatoka kwenye usingizi. Dereva anafika nyumbani saa saba za usiku, saa kumi na moja alfajiri yuko barabarani kuwawahi wafanyakazi wa Posta na Masaki, na saa mbili asubuhi amembeba mtoto wa mtu kwenye mzunguko wa magari huku macho yanamuuma.

Mwenye gari haoni chochote katika hayo. Jumapili gari linakuja, limeoshwa, hesabu imetimia.

Sasa nililielewa kosa la lile tangazo. Linamtoza dereva nafuu ambayo ameinunua mwenyewe, kwa usingizi wake. Shilingi 22,000 zile si zawadi iliyodondoka kutoka kwenye bomba. Sehemu yake ni bei nzuri ya gesi, na sehemu yake ni malipo ya kukaa foleni. Ukiibeba yote kwa kupandisha hesabu, umemfanya mtu akufanyie zamu ya pili ya usiku bure, na wewe umelala.

Nimejaribu kwa dhati kuitetea hoja ya upande wangu, kwa sababu mimi pia nina ada za shule za kulipa. Mtungi mtupu tu una uzito wa zaidi ya kilo 50, springi za nyuma zitachoka, na springi ni zangu. Mtaji ni wangu. Gari likiibwa au likigongwa, mfumo umekwenda nalo. Plagi ni zangu. Safari za uwanja wa ndege zikipungua, hesabu ikichelewa, hasara inanifikia. Hoja hizo ni za kweli, na zinanipa haki ya kurudishiwa fedha yangu na juu yake kitu. Hazinipi haki ya usiku wa mtu mwingine.

Waliotutangulia

Nilitafuta kujua wenzetu waliolipitia hili walifikaje upande wa pili, na nikakaa sana na nchi mbili.

India kwanza. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru mabasi ya jiji la Delhi yahamie kwenye gesi asilia, kwa sababu ya moshi. Ilichukua miaka ya mivutano, amri na kuongezewa muda, na kazi ilikamilika mwishoni mwa 2002. Katikati yake walipata foleni ambazo zingetufanya sisi tunyamaze: bajaji na mabasi yamejipanga kwa kilomita, watu wanalala kwenye mstari. Magari yalibadilishwa kwa amri, vituo havikujengwa kwa kasi ile ile. Foleni zililegea vituo na mabomba yalipoongezeka. Dereva wa bajaji wa Delhi wa mwaka 2001 angeielewa karatasi ya dereva wangu bila mkalimani.

Pakistan inanitia hofu ya namna nyingine. Ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza duniani kwa magari ya gesi, zaidi ya milioni mbili. Watu walifunga mifumo kwa fedha zao wenyewe, wakiamini bei itabaki vile. Kisha gesi ya nchi haikutosha viwanda, majiko, mitambo ya umeme na magari kwa pamoja, na kwenye muongo wa 2010 vituo vikaanza kufungwa siku kadhaa kwa wiki. Waliobaki na tangi la petroli linalofanya kazi walirudi kwenye petroli na bei yake. Waliokuwa wamepanga maisha yao yote juu ya kilo ya gesi waliumia.

Kwetu hapa hazina chini ya ardhi na bahari inatajwa kuwa zaidi ya futi za ujazo trilioni 57. Nyingi ya hiyo iko kilindini mwa bahari na haijaanza kuchimbwa. Tunayoitumia inatoka Songo Songo, mkoani Lindi, na Mnazi Bay, mkoani Mtwara, na sehemu kubwa imekuwa ikienda kwenye mitambo ya umeme. Bwawa la Nyerere kule Rufiji, lenye megawati 2,115, limepunguza uzito huo, na hilo linanipa matumaini. Hata hivyo fundi alishinda hoja: tangi la petroli la gari langu halitakauka.

Kuhusu moshi niseme neno moja tu. Gesi asilia inatoa hewa ya ukaa pungufu kuliko petroli, kama robo hivi kwa nishati ile ile, na masizi yake ni machache sana. Lakini methani ikivuja bila kuungua inaipasha dunia joto kuliko hewa ya ukaa kwa mbali. Bomba linalovuja linaila faida hiyo yote. Kukaza nati ni suala la mazingira pia.

Shangazi wa Mikindani

Nilikuwa nimeshakaribia kuamua pale nilipompigia shangazi, anayeishi Mikindani, Mtwara, kumsalimu, na baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza mipango ya gari. Alicheka, kicheko kisicho na furaha nyingi.

"Kwa hiyo mwanangu gesi ya huku itawaendesha nyinyi huko kwa bei ya chini. Bajaji inayonipeleka mimi sokoni inakunywa petroli."

Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Ya Songo Songo ilianza kufika Ubungo mwaka 2004. Watu wa Mtwara walipoingia barabarani Januari 2013, na tena Mei mwaka ule mambo yalipoharibika na watu wakapoteza maisha, walikuwa wanakataa bomba la kuipeleka gesi Dar es Salaam kabla wao hawajaona wanachopata. Bomba lilijengwa, likakamilika 2015. Wengi wetu huku mjini tuliwaona wabinafsi. Nakumbuka mazungumzo ya ofisini ya siku zile, jinsi yalivyokuwa mepesi: rasilimali ni ya taifa, wasitucheleweshe.

Shangazi hakuwahi kuandamana. Aliuliza tu swali lake wakati ule, na ameliuliza tena mwaka huu. Ni swali la dereva wangu. Kitu kimekuwa rahisi, sawa, na tofauti yake imekwenda kwa nani?

Sina namna ya kumpa shangazi jibu lake. Hilo liko juu ya uwezo wangu, na nalitaka litoke kwa wenye mamlaka, kwa vituo vilivyojengwa kusini, si kwa hotuba. La kibarazani kwangu liko ndani ya uwezo wangu.

Tulivyokubaliana

Tulikaa Jumapili, safari hii karatasi nimeileta mimi.

Mfumo nalipia mimi wote, kwenye karakana yenye mafundi waliofundishwa kazi hii, mtungi mpya wenye maandishi yake. Hesabu haipandi. Dereva ananirudishia nusu ya gharama kidogo kidogo kila wiki, nje ya hesabu, na ikitimia inakoma. Nusu nyingine ni yangu, kwa sababu mfumo unabaki kwenye gari langu. Plagi, springi na kipimo cha mtungi cha mwaka wa tano ni juu yangu, na tarehe ya kipimo imeandikwa kwenye makubaliano ili isimwangukie yeyote atakayekuwa anaendesha wakati huo. Siku kituo kikikosa gesi au umeme, anaendesha kwa petroli na hesabu ya siku ile inapungua. Akikaa foleni hadi usiku wa manane, hatoki alfajiri. Hilo la mwisho alilipinga kuliko yote.

"Dada, nikilala nani atanilipa?"

Tulibishana hapo kwa muda mrefu. Mwishowe tulikata hivi: asubuhi ya siku hiyo anaanza saa nne, na hesabu ya wiki inapunguzwa kwa kiasi tulichokiandika. Si kikubwa. Aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia aandike.

Mwenzangu mmoja wa kwenye kundi aliposikia aliniambia naharibu soko, madereva wake watataka hivyo hivyo. Nilimwambia watakuwa na haki, na nikamkaribisha kituoni usiku wowote akaone anachokitoza. Hajanijibu bado, ingawa ujumbe ameusoma.

Kuna kifungu kimoja tumekiacha wazi kwa makusudi. TPDC, shirika la umma la mafuta na gesi, imejenga kituo mama, yaani kituo kikubwa cha kushindilia gesi na kulisha vituo vidogo, barabara ya Sam Nujoma, jirani na Chuo Kikuu, na vituo vya wengine vinaongezeka mjini. Ikifika siku ambayo dereva anajaza mtungi mchana ndani ya nusu saa, ile 22,000 haitakuwa tena na usingizi ndani yake. Siku hiyo nitakuwa na haki ya kuomba sehemu ya nafuu, naye atakuwa na haki ya kunikatalia, na tutakaa tena kibarazani na karatasi mpya. Nimemwomba aandike kila siku muda anaoingia foleni na muda anaotoka, nyuma ya daftari lile lile la mafuta, ili siku hiyo tusibishane kwa kumbukumbu.